Mafundi wa Hewa, Gerezani

Gari lenye besi mbaya hulisikia kabla hujaliona, na unachokisikia si besi. Ni kibao cha namba kinachogonga bati la buti, ni kioo cha nyuma kinachonguruma, ni plastiki za milango zinazoteta. Ngoma yenyewe imepotelea humo humo. Simama jioni pembeni mwa Mtaa wa Msimbazi, Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yakipishana katikati na bajaji zikijipenyeza kila upenyo, utayasikia magari ya namna hiyo mpaka uchoke. Mara chache hupita jingine. Vioo vimepandishwa, bodi imetulia, hakuna anayegeuza shingo. Ila ukiwa karibu nalo unahisi kitu kimekugusa kifuani kabla masikio hayajajua ni wimbo gani. Hilo la pili limepita mikononi mwa fundi, na mafundi wa aina hiyo ndio walionifanya niwe mtu wa kukalia kreti la soda Gerezani, nikiangalia watu wakifanya kazi isiyonihusu.

Kuwapata si rahisi, maana hawana vibao. Mwenye kibao ni duka, na mwenye sauti ni winga. Hujavuka barabara ameshakudaka: "Bosi wangu, karibu. Redio ya skrini? Sabufa? Kamera ya nyuma? Twende ukaone, bei ya jumla." Ukimfuata utafikishwa mbele ya ukuta wa maboksi yaliyoandikwa wati 2000, wati 3000, wati 5000, namba zinazopanda kadiri macho yanavyopanda shelfu. Fundi yuko nyuma, uchochoroni, na mita yake, koleo, wembe na selotepu nyeusi. Ukimpelekea amplifaya ya wati 3000 hasomi boksi. Anaigeuza upande wa nyaya na kutazama fyuzi. "Fyuzi ya ampea 25. Mara volti 13 na ushee. Zinazoingia hazifiki hata wati 350, sasa hizo 3000 zinatokea wapi?" Kisha anamrudishia mteja kwa upole, bila kumtukana aliyeiuza. Kesho watahitajiana.

Wateja wengi humfikia kwa jambo dogo kuliko hilo. Magari yetu mengi yametumika Japani kwanza, na redio zake za zamani zinaanzia masafa ya 76 na kuishia 90. EFM iko 93.7, Times FM iko 100.5. Mtu analitoa gari bandarini, anawasha redio, anapata mkwaruzo pamoja na sauti ya mwanamke anayemwonya jambo fulani kwa Kijapani. Fundi anaunga kidude kidogo kwenye waya wa antena, kinachoyashusha masafa ya huku yaingie ndani ya masafa ya kule, na kazi inakwisha kabla chai haijapoa. Hapo ndipo masikio hufunguka. Haupiti muda mrefu mteja amerudi: "Fundi, redio inashika. Lakini muziki mwembamba."

Na kweli ni mwembamba. Spika za milango katika gari dogo la aina ya IST au Vitz zina upana wa sentimita 16 hivi, koni ya karatasi, sumaku ya kuhurumiwa. Chini ya mitetemo 70 kwa sekunde, hezi 70 kwa lugha ya mafundi, zinaanza kukata tamaa. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatoa hezi 41. Ukiweka Mlimani Park ndani ya gari hilo utapata tarumbeta zote, utapata waimbaji na solo, ila mpiga besi utamsikia nusu nusu. Kwa mitaa hii hilo si jambo dogo. Bendi hiyo, Sikinde yenyewe, iliyoanzishwa 1978, ilipiga humu humu katika ukumbi wa DDC Kariakoo, na waliowahi kusimama mbele ya jukwaa lake wanajua kwamba besi huingilia miguuni. Watoto wao wamekulia kwenye mchiriku na vigodoro vya uswahilini, ambako spika hupangwa zikafunika ukuta mzima. Masikio yanayodai besi yalikuwepo hapa kabla kila mtu hajawaza kununua gari.

Kazi iliyonishika zaidi haikuwa ya kuongeza kitu. Ilikuwa Crown, sedani ndefu iliyotoka kiwandani na sabufa yake kwenye ubao wa nyuma, chini ya kioo, ikitazama juu. Mwenyewe, mzee mmoja aliyevaa shati la kitenge, alikuja ameshashawishiwa: ng'oa hiyo, weka mbili za inchi 12 ndani ya buti. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba ruhusa. "Mzee wangu, niache niisikilize kwanza. Mjapani si mjinga."

Akakaa siti ya nyuma, milango imefungwa, kiyoyozi kimezimwa, akapitisha sauti moja baada ya nyingine kutoka kwenye simu yake: hezi 100, 80, 60, 50, 40. Si wimbo, ni mvumo mtupu unaoshuka ngazi. Ulipofika 60 akainua kidole. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo, wa karatasi juu ya karatasi, ambao mimi sikuusikia mpaka nilipoonyeshwa. Kijana wake akatoa siti, akafungua vibanio vya ubao kimoja baada ya kingine, vile vya plastiki iliyokaushwa na jua la miaka, ambavyo huvunjika hata ukivikodolea macho. Hakuvunja hata kimoja. Sabufa ikatoka. Ukingo wa sponji unaoishikilia koni ulikuwa umeoza. Ukiugusa unasagika unga na kubaki kidoleni. Joto la gari lililoegeshwa juani, pamoja na unyevu wa pwani, huila sponji hiyo polepole. Koni ikikosa wa kuishikilia inakwenda upande, na koili inaanza kusugua sumaku.

Winga angesema nunua mpya. Fundi akagusisha mita kwenye vichwa viwili vya spika na kusoma chini kidogo ya omu 2. Hapo ndipo wengi huharibu. Sabufa nyingi za dukani ni za omu 4. Amplifaya ya kiwandani imepangwa kuisukuma omu 2. Ukiipa omu 4, kwa volti zile zile, inatoa nusu tu ya nguvu. Mteja analipa, anapata spika yenye sumaku kubwa na pete inayong'aa, halafu besi inapungua kuliko ya mwanzo. Anarudi kulalamika, anauziwa amplifaya. Anarudi tena, anauziwa betri. Nimeona mlolongo huo ukimfikisha mtu kwenye alteneta.

Kwa Crown ile, fundi alitafuta ukingo wa mpira wa kipimo kile kile. Akasafisha duara la chuma kwa wembe na spiriti, akapaka gundi nyembamba pande zote mbili, akangoja ikauke nusu. Kabla ya kubana akawasha mvumo wa hezi 30, kwa sauti ya chini kabisa, ili koni icheze na kujitafutia yenyewe katikati yake. Alikuwa ameiwekea ncha za vidole vinne, haisukumi, anasikiliza kwa ngozi. Gundi ikishashika hakuna kurudi nyuma. Ikilala upande kidogo tu, koili itasugua maisha yake yote. Pale uchochoroni kulikuwa na honda ya mizigo inapiga honi, mama lishe anadai hela yake ya jana, na watu wawili wanabishana Simba na Yanga. Yeye hakuinua kichwa.

Nikadhani kilichobaki ni kurudisha spika mahali pake. Badala yake akaingiza taa ndani ya buti na kuanza kutafuta matundu kwenye bati la ubao.

Koni ikienda mbele inasukuma hewa ya mbele na kuvuta ya nyuma, kwa wakati ule ule. Hewa hizo mbili zikikutana zinafutana. Kwa sauti nyembamba hasara si kubwa. Lakini wimbi la hezi 40 lina urefu wa karibu mita 8.7, na Crown nzima haifiki mita 5. Kwa hiyo besi ya mbele na besi ya nyuma zikipata upenyo wowote zinakutana na kuuana kabla hazijamfikia msikilizaji. Sabufa ya ubao wa nyuma hulitumia buti zima kuwa sanduku lake. Kila tundu la bati, kila pengo la kupitishia waya au mkanda wa siti, ni mlango wa besi kutorokea. Wakati gari ni jipya mapengo yamezibwa kwa sponji, lakini tumeshaona sponji inavyofanywa na hali ya hewa yetu. Tena fundi bodi, fundi umeme na fundi rangi wote wameshapita humo, kila mmoja kafungua chake na kurudisha nusu.

Akayaziba kwa vipande vya karatasi ya lami, ile ya kuzibia mapaa yanayovuja, akikandamiza kila kipande kwa mpini wa bisibisi mpaka kilale kabisa. Kazi hiyo ilimla mchana wote na haikuwa na cha kuonyesha. Ukifunika ubao huoni kitu. Spika iliporudi mahali pake akawasha mvumo tena na kupitisha kiganja taratibu juu ya ubao, nyuma ya siti, kwenye pembe, akitafuta mahali hewa inapompuliza. Alipata tundu moja lililobaki, karibu na mkanda wa siti wa kulia. Akaliziba.

Jioni yule mzee akakaa mbele, akaweka wimbo wake. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Kumbe ilikuwamo." Akalipia ukingo wa mpira, lami na ufundi. Sabufa mbili za inchi 12 zilibaki dukani.

Si kila gari lina pa kuanzia namna hiyo. IST haina sabufa ya kurudisha, lazima iletwe. Na hapo fundi ana swali ambalo winga hakuuliza. Kijana mmoja anayebeba abiria wa kuita kwa simu alikuja na haraka zake.

"Kaka, nataka itikise."

"Unapiga nini?"

"Singeli."

"Na buti unalitumia?"

"Mabegi ya abiria, kaka. Watu wa airport."

Kwa majibu hayo mawili sanduku lilikuwa limeshachorwa kichwani. Singeli ya Manzese na Tandale, ile ambayo mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliipeleka kwa wasikilizaji wa nje katika albamu ya Sounds of Sisso, hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa mapigo 240 teke la ngoma linarudi mara nne kwa sekunde. Spika ina robo sekunde ya kupiga, kunyamaza na kujiandaa tena. Sanduku likichelewa kunyamaza, mapigo yanapandana na kuwa uji. Kwa hiyo alihitaji sanduku lililofungwa pande zote, dogo, la lita 20 hivi, spika ya inchi 10. Hewa iliyofungiwa humo inakuwa springi ya koni: inairudisha upesi na kuishika isitangetange. Edgar Villchur wa Marekani alilitengenezea soko wazo hilo mwaka 1954, kwa spika ndogo ya nyumbani. Leo linakaa kwenye pembe ya buti la IST, juu yake begi la abiria.

Anayependa amapiano anajengewa sanduku jingine. Muziki huo unatembea, mapigo 112 hivi kwa dakika, na besi yake ni ndefu, inavutwa chini na kuachwa hapo. Sanduku lenye bomba linamfaa. Ukipuliza mdomo wa chupa unapata sauti moja tu, ile ya chupa hiyo. Sanduku lenye bomba hufanya vivyo hivyo, na fundi ndiye anayechagua sauti gani. Hewa iliyo ndani ya bomba inasukumwa na mgongo wa koni, na kwenye sauti iliyochaguliwa inatoka ikisaidiana na ya mbele, haipingani nayo tena. Albert Thuras wa maabara za Bell alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1932. Unapata besi zaidi kwa umeme ule ule. Ila bomba halinyamazi upesi, na chini ya sauti yake koni inabaki bila wa kuizuia.

Mama mmoja mwenye Raum aliulizwa swali lile lile baada ya shikamoo na habari za nyumbani. Akajibu taarabu, kisha akaongeza kwa kituo: "Mwanangu, nataka niisikie besi. Sitaki inipige." Nimeshasoma maelezo mengi ya wahandisi kuhusu besi iliyosawazishwa na sijakutana na yaliyofika hapo kwa maneno machache hivyo. Alifungiwa kisabufa chembamba chini ya siti ya abiria, chenye amplifaya yake ndani, akaondoka na buti lake tupu kwa ajili ya soko.

Sanduku huanzia kwenye karatasi. Ndani ya boksi la spika nzuri mna karatasi ndogo ya namba: koni inapenda kutetemeka kwa hezi ngapi ikiachwa huru, ulaini wake unalingana na lita ngapi za hewa, inajizuia kwa kiasi gani. Duka huitupa pamoja na mfuko wa nailoni. Fundi huiokota. Namba hizo ni urithi wa watu wawili waliofanya kazi hiyo Australia: Neville Thiele aliyeandika juu yake mwaka 1961, na Richard Small aliyeendeleza kazi hiyo Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla yao, kutengeneza sanduku la spika kulikuwa kubahatisha na kukata tena. Sidhani majina yao yametajwa mara nyingi Gerezani, lakini kikokotoo chao kimo kwenye simu ya fundi, na daftari lake la mistari limejaa majibu yake.

Chukua mfano wa sanduku la Harrier ya mpenda amapiano mmoja. Karatasi ya spika ilitaka lita 50 za hewa halisi. Ongeza lita 3 za mwili wa spika, lita 3 za bomba, na kidogo kwa vibao vya kukazia ndani: lita 57. Hiyo ni sentimita 58 kwa 35 kwa 28, vipimo vya ndani. Bomba lenyewe ni la PVC la inchi 4, la maji taka, linalouzwa duka la vifaa vya ujenzi. Kwa hezi 35 linatakiwa urefu wa sentimita 31. Likatwe sentimita 22, sauti ya sanduku inapanda hadi hezi 40. Tofauti ni kipande cha urefu wa kiganja, na masikio yanaitambua. Fundi alikata 33, akasikiliza, akapunguza kwa msumeno wa chuma sentimita moja, akasikiliza tena, akapunguza nyingine. "Kukata kunarudiwa," aliniambia. "Kuongeza hakuna."

Mbao hakati mwenyewe. Anampelekea seremala, kwa kawaida wale wa Keko waliozoea makabati, na hapo huwa pana mvutano wa kirafiki, maana seremala wa kabati anajali uso na fundi wa besi anajali kiungo. MDF ya milimita 18, kwa sababu ni nzito na haina punje zinazoimba zenyewe. Gundi nyeupe kwenye kila ukingo mpaka ivuje, skrubu kila baada ya sentimita 10 au 12, kibao cha kukazia katikati ili kuta zisipumue. Kisha sanduku linalala usiku kucha. Mteja wa Harrier alikuja saa kumi jioni akitaka kufungiwa siku ile ile kwa sababu kulikuwa na harusi. Alijibiwa aende harusini na muziki wa bwana harusi.

Kwa sanduku lililofungwa kuna jaribio ambalo siachi kulipenda. Spika ikishakazwa, fundi anaweka vidole kuizunguka koni, anaisukuma ndani taratibu na kuachia. Ikirudi kwa kasi, hewa inavuja mahali. Ikirudi polepole, kwa kusitasita, sanduku limeziba. Hakuna kifaa, hakuna umeme. Kabla ya hapo kuna la betri: betri ndogo ya volti 1.5 inagusishwa kwenye nyaya mbili za spika, koni ikiruka nje basi chanya ni chanya. Wanafunzi wake hufanya hivyo kwa kila spika, hata iliyoandikwa alama wazi wazi, kwa sababu kiwandani nako kuna watu.

Kuhusu nyaya nitasema machache, ingawa yeye angeweza kusema siku nzima. Waya mnene wa rangi nyekundu wa Kariakoo mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Anaukwangua kwa wembe: shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani, ya uongo inatoa weupe. Alumini inaupinga umeme mara moja na nusu na zaidi ya shaba, kwa hiyo ukilazimika kuitumia, nunua waya mnene kuliko unaotakiwa. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Ikikaa kwenye amplifaya huko nyuma, waya mzima uliolala chini ya kapeti hauna mlinzi, na ukichubuka ni moto. Waya wa umeme upite kushoto, nyaya za sauti kulia, la sivyo utapata ule mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Mahali pa kufungia hasi panakwanguliwa rangi mpaka chuma cheupe, panakazwa, kisha panapakwa grisi, maana chumvi ya baharini haisahau anwani ya mtu.

Bajaji ni hadithi yake. Ndani ya gari lililofungwa, besi ya chini kabisa inapewa msaada na kabini yenyewe: mawimbi yakiwa marefu kuliko gari, hewa yote ya ndani inabanwa na kuachiwa kwa pamoja, na sauti inakua bure. Bajaji haina milango, kwa hiyo haina bure hiyo. Ndiyo maana sanduku la nyuma ya siti ya bajaji huwa kubwa na lina bomba pana. Si majivuno peke yake. Fundi huzifunga, lakini huwaambia madereva ukweli kwamba nusu ya besi wanayoilipia wanaiachia Jangwani.

Mwisho ni kupanga, na hapa wengi hulegea kwa sababu wamechoka na mteja kashika funguo. Kwenye amplifaya kuna kitufe cha geini, na karibu kila mteja anaamini ni cha kuongeza sauti. Kazi yake ni kulinganisha redio na amplifaya zielewane. Kikizidi, sauti inakatwa vichwa na koili inaungua. Fundi anapandisha redio hadi robo tatu, anafungua geini nywele kwa nywele mpaka sauti inakaribia kuchafuka, kisha anarudi nyuma. Anaweka kichungi kwenye hezi 80, ili sabufa ibaki na ya chini na isiingilie sauti za watu; sabufa inayotamka maneno ya mwimbaji imepangwa vibaya. Anageuza swichi ya mwelekeo upande huu na ule, akisikiliza ni wapi besi inaungana na spika za mbele na ni wapi inakimbilia nyuma. Ikipangwa vizuri huwezi kuonyesha kidole ilipo sabufa. Ngoma inaonekana kupigwa mbele, juu ya dashibodi.

Baada ya hapo anatoka nje, anafunga milango, analizunguka gari akiwa na kipande cha sponji mfukoni. Kibao cha namba kinabandikwa sponji nyuma. Tundu la taa ya buti linakazwa. Jeki inavishwa tambara. Ziko kanuni za mazingira za 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, na NEMC, baraza la mazingira, wamezitaja walipofunga baa, lakini sidhani ndizo anazoziwaza. Bati likipiga kelele, mteja anasikia bati.

Yule kijana wa IST alipoletewa gari lake alisikiliza kidogo, akakunja uso. "Mbona kawaida tu, kaka?" Fundi hakubishana. Aliacha wimbo uendelee, akanyoosha mkono nyuma, akazima sabufa. Wimbo ule ule, spika zile zile za milango. Kijana akageuka haraka. "Rudisha, rudisha."

Ikarudishwa. Wakahesabiana pesa, wakavutana kidogo juu ya bei ya waya, wakaelewana. Akaambiwa arudi baada ya wiki mbili, kwa sababu mtetemo hulegeza skrubu kwenye MDF na inabidi zikazwe mara ya pili. Kukaza huko hakulipiwi.